Mawese ya Kongo na Asili ya Dizeli ya Mimea

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga; lakini mafuta ghafi ya mimea yana mnato mkubwa, yaani hutiririka kwa uzito, hivyo huacha masizi ndani ya injini. Mwaka 1937, nchini Ubelgiji, ambayo koloni lake la Kongo lilizalisha mawese kwa wingi, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kuyageuza mafuta hayo kuwa esta, kimiminika chepesi kinachopatikana mafuta yanapoitikiana na alkoholi na kuachana na gliserini, na mwaka 1938 basi lililotumia esta za mawese lilisafiri kati ya Brussels na Louvain. Hata hivyo, usafi wa malighafi una uzito wake, kwa kuwa chikichi zilizopondeka hufanya mafuta yawe na asidi huru nyingi, ambazo zikikutana na alkali inayotumika kama kichocheo hugeuka sabuni. Ndiyo maana viwanda vinavyotumia alkali huondoa kwanza utomvu, maji na asidi hizo.