Yatima wa Senti 10

Katika vitabu vya katuni vya Marekani vya miaka ya 1940, vilivyouzwa senti 10, mtoto asiye na wazazi hakosekani. Superman, aliyetokea mwaka 1938, ni yatima wa sayari iliyoangamia. Batman wa mwaka 1939 alishuhudia wazazi wake wakiuawa. Mwaka 1940 akaja Robin, mtoto wa sarakasi aliyechukuliwa na tajiri Bruce Wayne. Mwaka huohuo akaja Billy Batson, muuza magazeti aliyelala katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, mpaka mchawi alipompa nguvu za Captain Marvel.

Mimi huvutiwa zaidi na matangazo yaliyochapishwa katika vitabu hivyo. Gazeti la Grit la Pennsylvania liliwaita wavulana waliuze nyumba kwa nyumba, wabaki na senti chache kwa kila nakala. American Seed Company iliwataka watoto wawauzie majirani pakiti za mbegu ili wajipatie zawadi. Charles Atlas aliwaahidi wanyonge misuli. Yote yalimwambia mtoto: jitegemee. Hadithi zenyewe zilimwambia: vumilia, mfadhili atakuja.

Mawazo hayo mawili yalikuwepo kabla ya katuni. Kati ya mwaka 1854 na 1929, Children's Aid Society ya New York, iliyoasisiwa na Charles Loring Brace, pamoja na mashirika mengine, ilisafirisha watoto wapatao 200,000 kwa treni kwenda kuishi na familia za mbali, nyingi zikiwa za wakulima. Wakishuka, walipangwa mstari kanisani au ukumbini, wenyeji wakawakagua na kuchagua. Wapo waliopata wazazi wa kweli. Wapo walioambulia jembe tu. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Na wengi walioitwa yatima walikuwa na mzazi aliye hai, ila hakuwa na uwezo wa kuwalisha.

Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt aliitisha mkutano Ikulu, na azimio lake kuu lilikuwa kwamba mtoto asiondolewe kwao kwa sababu ya umaskini peke yake. Mwaka 1911 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuwapa posho akina mama waliolea peke yao. Mwaka 1935 Sheria ya Hifadhi ya Jamii ikaongeza fedha za serikali kuu. Wanawake weusi wengi walinyimwa, kwa madai kwamba nyumba zao hazifai kulea mtoto. Hata hivyo, msimamo ulikuwa umebadilika. Nyumba kubwa za yatima zilipungua, na aliyekosa kwao akazidi kupelekwa kwa familia za walezi.

Kwa hiyo Billy Batson alizaliwa miaka 5 baada ya sheria hiyo. Katika kurasa nilizosoma, simwoni mjane anayepokea posho ya mwezi na kubaki na wanawe. Hana joho, hauzi mbegu, na hakuna mwenye biashara wa kumtangaza. Kwa Kiswahili, aliyefiwa na baba huitwa yatima hata kama mama yu hai. Ni huyo mama ambaye matangazo na hadithi zilimruka, na kumsaidia yeye ndiko kulikowabakiza watoto wengi nyumbani.