Manowari Zilizovuka Milima

Ukitazama ramani ya Afrika utaona, upande wa magharibi wa Tanzania, ziwa jembamba na refu, lenye kupata kilomita 670 toka kaskazini hata kusini. Kwa kina, ulimwenguni kote limepitwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Ziwa hilo ni Tanganyika. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, ufuko wake wa mashariki ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, wa magharibi ulikuwa wa Wabelgiji wa Kongo, na ncha ya kusini iligusa nchi ya Waingereza. Barabara za kufuata ufuko hazikuwapo za kusemwa. Kwa hiyo mwenye kulitawala ziwa aliweza kuwavusha askari wake usiku na kumshukia adui alfajiri mahali apendapo. Na asiyelitawala ilimbidi kuulinda ufuko mzima asijue pigo litatoka wapi.

Wajerumani hawakukawia kulitambua jambo hilo. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, ilivuka ng'ambo ikaishambulia meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune na kuiharibu. Tangu siku hiyo ziwa likawa lao. Wapinzani wao wakakabiliwa na swali jepesi kuuliza na gumu kujibu: utapataje manowari, tena upesi, mahali palipo mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita elfu moja?

Watu wengi hudhani kwamba kuunda jeshi la majini ni kujenga meli. Katika ziwa la bara, meli ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sisi wa Kenya tunao mfano wetu. Meli ndogo William Mackinnon ilijengwa Uskoti mwaka 1890, ikafunguliwa vipande vipande ili ipelekwe Ziwa Viktoria. Haikuelea majini Kisumu ila mwaka 1900. Ujenzi wake ulikuwa kazi ya muda mfupi. Miaka kumi ilipotelea katika njia, maana reli ilikuwa haijafika, na vipande vyake vilitegemea mabega ya wapagazi.

Wajerumani hawakuteseka hivyo, kwa kuwa walianza na njia. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam kuelekea bara. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma, penye ziwa, mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Wakati reli ikikaribia ziwa, kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg kilikuwa kikijenga meli ya abiria na mizigo yenye urefu wa mita 71 hivi. Ikaundwa kwanza hapo kiwandani, ikakaguliwa, kisha ikafunguliwa tena kipande baada ya kipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yakavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupakiwa katika gari la moshi. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walifuatana nayo.

Hebu fikiri kazi iliyowangoja Kigoma. Kila bamba la chuma lilipaswa kurudi mahali pake na kufungwa kwa misumari minene ya chuma iliyopigwa nyundo ingali na moto. Mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, katika joto la ufuko. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini, nayo ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyepata kuwa gavana wa Wajerumani katika koloni hilo. Iliweza kuchukua askari 800 au 900 kwa safari moja. Hapakuwa na chombo ziwani kilichoikaribia kwa ukubwa.

Lakini manowari bila mzinga ni mtumbwi mkubwa tu. Mizinga haikuwamo katika masanduku, kwa sababu meli hiyo haikukusudiwa vita. Na sasa Waingereza walikuwa wameziba pwani, hata ikawa vigumu mno kuleta kitu kutoka Ulaya. Jibu lilitoka kwenye maangamizi. Mwezi wa Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji, ilipigwa na Waingereza mpaka ikazamishwa. Wajerumani wakaiendea baadaye na kuopoa mizinga yake yote kumi ya milimita 105. Mmoja wao ulisafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa juu ya Götzen.

Tuwaache hapo tugeukie Uingereza. Mwezi wa Aprili 1915 mwindaji mmoja wa wanyama, John Lee, aliyeijua Afrika ya Kati, alifika London na shauri lake: mashua ndogo ziendazo kasi zaweza kuzishinda meli za Wajerumani, nazo, kwa kuwa ni ndogo, zaweza kubebwa nzima hadi ziwani bila ya kufunguliwa. Wakuu wa majeshi ya majini walilikubali. Msimamizi aliyechaguliwa aliitwa Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyependa kujisifu, ambaye wenzake hawakumtumainia sana. Zikatafutwa mashua mbili zilizokuwa tayari kiwandani, kila moja ya mita 12. Aliomba ziitwe Paka na Mbwa, akakataliwa. Ndipo akazipa majina Mimi na Toutou, ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia wanyama hao hao, na wakuu wasitambue. (Jina la Mimi lisimpotoshe msomaji wa Kiswahili, halina nafsi ndani yake.)

Tarehe 15 Juni 1915, kabla ya miezi miwili kutimia tangu shauri kukubaliwa, mashua zilikuwa zimekwisha kuondoka Uingereza. Hiyo ni haraka ya kusifiwa. Mwanzoni mwa Julai zilikuwa Cape Town. Kutoka hapo zikapanda gari la moshi kwa zaidi ya kilomita 3,500, zikapita Rhodesia na kuingia Kongo, na katika siku za kwanza za Agosti zikafika Fungurume, mahali reli ilipokoma.

Hapo ndipo haraka ilipokwisha.

Mbele yao kulikuwa na kilomita 235 hivi za msitu, mabonde na milima ya Mitumba, ambayo njia yake hupanda kufika mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara haikuwapo, ilibidi itengenezwe mbele ya mashua, mti kwa mti na jabali kwa jabali. Madaraja zaidi ya 150 yalijengwa kwa magogo, mengine juu ya vijito ambavyo mtoto angeviruka. Magari mawili makubwa ya mvuke yaliletwa kuzivuta mashua, lakini uzito wake uliyabomoa madaraja na kuzama katika udongo laini. Penye miteremko mikali mashua zilishushwa kwa kamba zilizozungushwa katika miti, na penye mpando mkali waliongezwa ng'ombe maksai, jozi nyuma ya jozi. Siku nyingine kazi ya kutwa nzima ilizaa kilomita chache tu.

Tena magari ya mvuke yana kiu. Yalitaka maji na kuni kila siku, na ilikuwa kiangazi, vijito vimekauka. Basi wanawake wa vijiji vilivyokuwa karibu waliajiriwa kuteka maji mbali na kuyaleta vichwani kwa mitungi, ili chuma kipate kunywa. Nadhani hii ndiyo picha ya kweli ya safari ile, kuliko picha ya kamanda na bendera yake: jeshi la majini la dola iliyotawala bahari zote likingoja mitungi ya wanawake wa Kongo.

Waingereza waliofuatana na mashua hawakufikia 30, na majina yao na vyeo vyao vimeandikwa. Mamia ya Waafrika waliokata miti, kuvunja mawe na kuvuta kamba hawakuandikwa. Jambo hili halikuwa la Kongo peke yake. Katika vita hivyo hivyo Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu mengi kutoka Kenya na nchi jirani kuchukua mizigo ya majeshi yao, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwanafunzi wa Nairobi apitaye Kariokor hulitaja kikosi hicho cha wapagazi kila siku pengine bila kujua, kwani jina la mtaa limetokana na jina lake la Kiingereza.

Mwisho wa Septemba mashua zilifika Sankisia, penye reli fupi iliyozipeleka mto Lualaba. Mto nao ulikuwa umepungua maji. Mapipa matupu yalifungwa chini ya mashua ili zielee juu zaidi, na hata hivyo zilikwama katika mchanga mara nyingi. Kutoka Kabalo zikapanda reli ya mwisho, na katika juma la mwisho la Oktoba 1915 wakaliona ziwa.

Je, sasa walikuwa na jeshi la majini? La. Walikuwa na mashua mbili juu ya magari ya reli, mbele ya ufuko usio na bandari, ambao dhoruba zake huvunja vyombo. Ilibidi wajenge ukingo wa mawe mahali paitwapo Kalemie ili kupata maji matulivu, na njia ya kuteremshia mashua. Kazi hiyo ilikula karibu miezi miwili. Wajerumani walisikia kwamba kuna jambo linatendeka ng'ambo, wakatuma wapelelezi. Ofisa wao mmoja, Job Rosenthal, aliogelea mwenyewe kwenda kutazama, akakamatwa na Wabelgiji. Yaliyoujia ufuko ule kutoka upande wa pili wa bara hayakuwafikia Wajerumani kwa wakati.

Mimi na Toutou zilishushwa majini siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba meli ya Kijerumani Kingani ilikuja kupeleleza. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu; Waingereza, kwa mwendo wao uliozidi kwa mbali, wakaizunguka na kuipiga kutoka nyuma. Katika muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha darasa nahodha wake alikuwa ameuawa na meli imetekwa. Wakaitengeneza, wakaiita Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 wakaitumia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Baada ya hayo Spicer-Simson akawa mtu mkubwa ufukoni. Alipenda kuvaa vazi mfano wa sketi, na wenyeji, ambao jicho lao halikosi kitu, wakamwita Bwana Chifunga Tumbo.

Yasemwe pia yasiyompendeza. Siku iliyofuata Götzen yenyewe ilipita mbele ya Kalemie ikiwatafuta wenzake. Maofisa wake walimsihi aifuate, akakataa, wala hakupigana nayo kamwe. Wengine wamemwita mwoga. Mimi sioni ajabu kwamba mtu aliyetumia nusu ya mwaka kuleta mashua mbili, ambazo zikivunjika hazina badala, alisita kuziweka mbele ya mzinga wa milimita 105. Chombo kilichopatikana kwa taabu hiyo ni vigumu kukihatarisha.

Götzen haikushindwa ziwani. Ndege za Wabelgiji za kutua majini zilitupa mabomu juu ya Kigoma mwezi wa Juni 1916, na mzinga wake mkubwa uliondolewa kwenda kutumika nchi kavu. Mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Lililoimaliza ni reli. Majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yalipoielekea njia ile ya chuma iliyoileta, Kigoma haikuweza kushikiliwa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini. Mafundi wale wale walioiunda ndio waliotumwa kuizamisha. Kabla ya kuiacha waliipaka mitambo yake grisi nyingi kila mahali, maana walitazamia kurudi.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena katika dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza, ambao sasa ndio waliotawala Tanganyika, waliiopoa mara ya pili, wakaikuta mitambo ingali nzima. Ikatengenezwa na kupewa jina la Liemba, na mwaka 1927 ikaanza upya kazi iliyokusudiwa tangu Papenburg: kuchukua abiria, mahindi na dagaa kutoka kijiji hadi kijiji. Kazi hiyo iliifanya hata karne ya 21.