Nani Ataanzisha?

Nilipokuwa mtoto hapa Nzuguni, mama akianzisha wimbo wa Kigogo mbele ya wenzangu wa shule, nilinyamaza kwa haya. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, hakuona haya. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwa zeze, marimba ya vidole na sauti ya kupanda na kushuka, aliongoza, jamaa zake wakaitikia, hata albamu yake Chibite ikatoka Uingereza mwaka 1996. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Wageni walimshangilia kwa uimbaji uleule niliouonea haya. Mama naye hayupo. Sasa ningeitikia, lakini nani ataanzisha?