Safu ya Lugha: Rekodi na toleo

Wiki hii mtangazaji mmoja alitualika tusikilize "rekodi mpya" ya Pablo Casals akipiga sello muziki wa Bach. Mpya? Casals alifariki mwaka 1973, na zile Cello Suites sita alizirekodi kati ya 1936 na 1939. Kilicho kipya ni toleo.

Rekodi, neno tulilolikopa kwa Waingereza, ni sauti iliyonaswa siku mwanamuziki alipopiga. Toleo limetokana na kutoa: ni kile kilichoingizwa sokoni, kiwe kaseti, faili au santuri (yaani ile sahani yenyewe inayozunguka chini ya sindano). Rekodi moja yaweza kuwa na matoleo kumi, na bado ikawa kuukuu vilevile.

Programu za muziki nazo zinachangia vurugu, maana mwaka zinaouonyesha mara nyingi ni wa toleo. Ukimtafuta Glenn Gould na Goldberg Variations, usiishie kwenye jina. Ongeza 1955 au 1981. Alizirekodi mara zote mbili, na katika ile ya pili Aria ya mwanzo inakwenda taratibu mno, utadhani mpiga kinanda ni mwingine.