Kusaini Sio Mwisho: Somo la Miaka 600

Unajua kile kifungu cha mkataba kinachosema ukiacha kazi huwezi kufanya kazi kama hiyo kwingine kwa mwaka au miaka miwili? Wengi tunadhani kililetwa juzi na kampuni za teknolojia. Zii. Watu walishaburutana kortini juu yake zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Uingereza, 1414. Fundi wa kutia nguo rangi, John Dyer, alikuwa ameahidi kwa maandishi kwamba hatafanya kazi yake katika mji fulani kwa nusu mwaka. Akashtakiwa eti amevunja ahadi. Jaji Hull akawaka moto. Alisema ahadi yenyewe ni bure kisheria, na akaapa kwamba mwenye kesi angekuwa hapo kortini, angelala ndani hadi amlipe mfalme faini. Nusu mwaka, mji mmoja! Lakini kumbuka tauni ilikuwa imemaliza watu kuanzia 1348. Kumkalisha fundi nyumbani ilikuwa hasara kwa kila mtu.

Baadaye korti zililegeza. Mwaka 1711, Reynolds alimwachia Mitchel tanuri lake la mikate London kwa miaka 5, akaahidi hataoka mtaa huo. Korti ikasema sawa: kuna kitu kilichouzwa, na marufuku ni ndogo. Mwaka 1894, Nordenfelt, bwana wa bunduki na risasi, alifungiwa dunia nzima kwa miaka 25, na korti ikakubali. Lakini huyo alikuwa ameuza biashara nzima na kulipwa vizuri.

Sasa wewe wa mshahara umeuza nini? Hilo ndilo swali la kesi ya 1916, Herbert Morris dhidi ya Saxelby. Kampuni ilitaka kumzuia mhandisi wake miaka 7. Majaji wakakataa. Bosi anaweza kulinda siri zake na wateja wake, lakini ujuzi ulioingia kichwani mwako ni wako. Kuogopa ushindani tu si sababu.

Kenya tulirithi mawazo hayo. Sheria yetu, Sura ya 24, haisemi kifungu kama hicho ni haramu moja kwa moja. Inaipa Mahakama Kuu nguvu ya kukifuta kama muda, eneo na aina ya kazi vinaonyesha kimepita kiasi. Na haiongei kuhusu walioajiriwa pekee. Hata wewe wa kulipwa kwa kazi moja moja umo.

Hapa ndipo naona ujanja. Niliwahi kupewa mkataba wa kuhariri video: malipo kwa kila video, bima hakuna, likizo hakuna, lakini nisifanye kazi na mshindani yeyote Afrika Mashariki kwa miaka 2. Yaani siku ya kulipwa mimi si mfanyakazi wao, siku ya kuondoka ni mali yao. Kifungu kama hicho hakihitaji kushinda kesi. Kinahitaji tu uogope, kwa sababu wakili ni pesa na wewe huna.

Kwa hivyo kabla ya kusaini, uliza: mnalinda siri gani hasa? Kwa muda gani, na wapi? Na hiyo miezi ya kukaa bure, nani ananilipia nyumba? Wakikosa jibu, waambie wakifute. Ni rahisi kubishana kabla ya kalamu kugusa karatasi.