Picha Zinazoandikwa kwa Herufi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Leo kila mmoja awe na penseli na karatasi yenye miraba, maana tutachora kidogo. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: ishara, jedwali, amri.

Habari yetu ni hii. Vijana wanaofanya kazi ya kompyuta hupenda kufungua dirisha jeusi lisilo na picha yo yote. Dirisha hilo huitwa terminali. Ndani yake mtu huandika amri kwa herufi, na kompyuta humjibu kwa herufi. Iko programu moja iitwayo pokemon-colorscripts. Mtu akiandika jina hilo, kisha -n, kisha pikachu, mara hutokea mnyama wa manjano, mwenye masikio marefu na mashavu mekundu. Mnyama huyo ametoka katika mchezo wa Kijapani. Sasa tujiulize: dirisha lililofanywa kwa ajili ya herufi limepataje kuchora mnyama wa rangi? Ili kujibu, lazima turudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Herufi zinakuwa picha

Kiwanda cha Remington cha Marekani kilianza kuuza mashini za kupiga taipu mwaka 1874. Zilikusudiwa kazi za ofisi. Lakini mwaka 1898 mwanamke wa Kiingereza, jina lake Flora Stacey, alipiga kipepeo mzima kwa mashini ya taipu, akitumia mabano, nukta na vistari. Mashini ile haikuwa na kitufe cha kipepeo. Kipepeo kilikuwa katika akili ya mpigaji.

Nasi tujaribu. Andikeni mistari hii mitano, kila ishara katika mraba wake:

X . . . X
X X X X X
X . X . X
X X X X X
. X X X .

Sasa inueni karatasi, mtazame kwa mbali kidogo. Mnaona uso wa paka, na masikio yake mawili juu. Mmetumia ishara mbili tu, mkazipanga.

Jedwali la namba

Baadaye zikaja teleprinta, yaani mashini za taipu zinazopelekeana habari kwa waya. Waya hauwezi kubeba umbo la herufi. Hubeba umeme, ambao ama upo ama haupo. Ikabidi watu wapatane kwamba kila herufi iwe na namba yake. Huko Marekani jedwali moja la namba hizo, liitwalo ASCII, lilitolewa mwaka 1963, na mwaka 1967 likatiwa herufi ndogo. Jedwali hilo lina namba 128. Namba 95 ni za ishara za kuchapwa, pamoja na nafasi tupu. Namba 33 zilizobaki ni za amri, kama vile kupiga kengele au kurudi mwanzo wa mstari.

Hapa tusimame kidogo, maana pana jambo kubwa. Kilichomo katika jedwali huandikika, kisichomo hakiandikiki. Kiswahili cha herufi za Kirumi kiliingia chote, hata ng' pamoja na kialama chake. Lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja walikitumia kuandikia tenzi na barua, hakikupata nafasi hata moja. Wenye kulipanga jedwali waliandika Kiingereza, wakatazama haja zao. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Rangi inaingia kwa mlango wa amri

Jedwali halikuwa na rangi. Lakini namba 27 ilikuwa na amri iitwayo Eskepu. Kazi yake ni kuiambia mashini kwamba ishara zinazofuata zisichapwe, bali zitiiwe. Mwaka 1976 chama cha watengenezaji wa kompyuta wa Ulaya kilitoa kanuni za amri za namna hii. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ya Marekani ikatoa terminali ya VT100, iliyofuata kanuni hizo, na watengenezaji wengi wakaiga. VT100 yenyewe haikuonyesha rangi mbalimbali, lakini lugha yake ya amri ndiyo inayotumika hata leo.

Lugha hiyo ni fupi. Baada ya Eskepu, ukiandika [31m maneno yanakuwa mekundu. Ukiandika [33m yanakuwa ya manjano. Ukiandika [0m yote yanarudi hali yake ya kwanza. Ole wake anayesahau hiyo ya mwisho! Kila atakachoandika kitaendelea kuwa cha manjano, kama sentensi iliyofunguliwa mabano yasifungwe. Mwanzoni rangi zilikuwa 8. Siku hizi terminali nyingi huonyesha rangi 16,777,216.

Mnyama wa miraba

Twende sasa Ujapani. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ilitoa mashini ndogo ya mchezo, Game Boy. Kioo chake kilikuwa na miraba 160 kwa 144, na vivuli vinne tu. Tarehe 27 Februari 1996 ukatoka mchezo wa Pokémon wenye viumbe 151. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu utotoni. Pikachu alichorwa kwanza na mwanamke, Atsuko Nishida. Katika mchezo ule picha ya kiumbe haikuzidi miraba 56 kwa 56. Basi walichora kama tulivyomchora paka wetu, mraba kwa mraba.

Ilibaki shida moja. Nafasi ya herufi katika terminali si mraba. Urefu wake ni karibu mara mbili ya upana. Dawa yake ilikuwa ishara hii: ▀. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nayo. Inajaza nusu ya juu ya nafasi, na nusu ya chini inabaki tupu. Ukiipaka ishara rangi ya manjano, na sehemu iliyo tupu ukaipaka nyeusi, nafasi moja imekupa miraba miwili. Paka wetu wa mistari mitano atatosha katika mistari mitatu, na kiumbe wa miraba 56 katika mistari 28.

Mwaka 1991 likatoka jedwali kubwa zaidi, Unicode, lililokusudiwa kukusanya maandishi ya dunia nzima. Ishara ile ▀ ikawamo. Na herufi za Kiarabu za wazee wetu zikawamo pia.

Mwaka 1999 Tony Monroe alitoa cowsay, programu inayochora ng'ombe wa herufi anayesema maneno uliyomwandikia. Programu za Pokémon zimefuata desturi hiyo. Viumbe wenyewe ni mali ya Nintendo na wenzake, lakini programu hugawiwa bure. Ukilifungua faili la Pikachu hukuti picha. Unakuta mistari ya ishara, namba na amri. Ni maandishi kama barua.

Basi, ndugu zangu, mkiletewa fomu, rejista au orodha yo yote, isomeni kama jedwali. Ulizeni ni nani aliyeipanga, na ni nani hayumo. Mwenye kujua kusoma ndiye anayeweza kuuliza hivyo.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakikuingia katika jedwali la ASCII?
2. Namba 27 ina kazi gani?
3. Picha yenye mistari 20 ya miraba itahitaji mistari mingapi ya terminali?
4. Chora mnyama wa kwenu kwa X na nukta, kisha mwenzako akisie ni nani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.