Shindano la insha ya uraia: swali anatunga nani?

Watu wangu wa Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, na nyinyi mlioko Nairobi mnaoijua Diani ya Disemba pekee, leo tuongee insha. Usipite kwanza, hii inakuhusu.

Kila mara wakubwa wakitaka kuwafunza vijana uraia, wazo la kwanza ni shindano la insha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina lake la shule za sekondari. Jumuiya ya Madola pia ina lake, na lina kitengo cha walio chini ya miaka 14. Mimi nayakubali haya mashindano. Tena natamani Kwale tuwe na letu, la watoto wa JSS, gredi ya 7 hadi ya 9. Lakini ukiangalia historia yake utaona kitu kimoja: mwenye nguvu ni yule anayetunga swali.

Ebu tuchukue hilo la Madola. Lilianza mwaka 1883. Waandalizi enzi hizo walijiita Royal Colonial Institute, yaani watu wa London waliokuwa wanaitakia mema milki ya Uingereza. Miaka 12 baadaye, 1895, Uingereza ikatangaza kwamba huku ni himaya yake. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia vitani nao. Ndiyo, Gazi hii hii ya mikoko, unayoipita ukienda Msambweni. 1896 akazidiwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, na huko Dar es Salaam ndiko alikofia. Hakuwa malaika, watu wake walimiliki watumwa. Lakini jiulize: mtoto wa Gazi angeletewa swali la insha kutoka London miaka ile, unadhani angeulizwa kwa nini Mbaruk alikataa? Sidhani.

Siku hizi Madola wanauliza mambo mengine kabisa, hilo niwape. Shida iko kwetu. Maswali yetu ya uraia shuleni bado ni yale yale: "Jadili umuhimu wa uzalendo." "Eleza faida za amani." Mimi nimeziandika hizo mpaka mkono ukauma. Jibu unalijua kabla hujashika kalamu. Na sasa simu ya mzazi inaweza kukuandikia yote kwa dakika moja, na methali mbili juu. Mtoto anapata alama nzuri, na hajajifunza chochote kuhusu mtu anayeishi nyuma ya shule yake.

Sasa niwape insha ya uraia ambayo haikuandikwa kwa kalamu.

Wamakonde waliletwa Kwale kutoka Msumbiji enzi za mkoloni, miaka ya 1930 na kuendelea, kufanya kazi kwenye miwa ya Ramisi na mashamba ya mkonge. Wakazaa, wakazika, wakajenga Makongeni na kwingine. 1963 Kenya ikapata uhuru. Sheria ya wakati ule ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa hapa na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Wengine walitakiwa waombe. Wamakonde wengi wakabaki nje ya mstari. Kiwanda cha Ramisi kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wao wakabaki pale pale, bila kitambulisho.

Wazee wetu wa Pwani bado wanakiita kipande. Cha ajabu, mkoloni alimlazimisha Mwafrika kubeba kipande shingoni ili asitoroke kazi. Wajukuu wa wafanyakazi wale wale wakaja kuteseka kwa kukikosa. Bila kipande huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna akaunti ya benki, huna kazi ya serikali, hupigi kura. Mtalii ananunua kinyago cha Kimakonde, anapanda nacho ndege. Aliyekichonga hana hata karatasi ya kuombea pasipoti.

Oktoba 2016 wakachoka kungoja. Mamia yao, pamoja na watu wa haki za binadamu, wakaanza msafara kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa miguu, kumwona rais. Baada ya siku kadhaa Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Disemba kuisha. Mapema 2017 Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, jirani zetu wavuvi wa Shimoni na Vanga, nao waliokuwa wamengoja miaka na miaka.

Sasa fungua Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Hicho cha 53 kilikuwa kwenye karatasi miaka sita, na watoto wa Makongeni bado hawakuwa na uraia. Kilichokisukuma ni watu kukitumia kile cha 37. Kama hilo si somo la uraia, sijui lipi litakuwa.

Hebu mfikirie mtoto wa Kimakonde mwaka 2015, amekaa darasani, anaambiwa aandike "Umuhimu wa kuwa raia mwema". Anaandika nini? Akisema ukweli, amekosea mada. Akiandika kama wenzake, amejisaliti. Swali lenyewe lilikuwa limeshamtoa nje.

Ndiyo maana nasema, Kwale tukianzisha la JSS, swali litoke chini ya miguu ya watoto. "Ni nani kijijini kwako hahesabiwi, na kwa nini?" "Muulize mzee mmoja alipata kipande mwaka gani, na alipitia nini." "Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa, watu wako walikula nini?" Hapo simu haitakusaidia, lazima utoke ukaongee na bibi. Na mtoto aandike kwa Kiswahili, kwa sababu bibi hatamjibu kwa Kizungu. Alama ziende kwa aliyesikiliza vizuri, hata kama hati yake ni ya kuku.

Pia kusiwe na sharti la cheti cha kuzaliwa ili ushiriki. Sharti kama hilo lingemfungia nje mtoto yule yule anayefaa kusikika kwanza.

Gharama yake ni karatasi, zawadi ya vitabu na walimu wachache wenye moyo. MCA anayenisoma, hii ni ndogo kuliko tenti zako za mkutano. Na mwalimu wa JSS anayenisoma, wewe huhitaji kumngoja mtu. Jumatatu andika swali moja ubaoni, lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake.